Khanga ya bibi niliikata kabla sijaisoma

Bibi yangu mzaa baba alifariki 2014 kule Tanga, na baada ya arobaini wamama wa familia wakafungua kasha lake tukagawiwa vitu. Mimi mjukuu wa kike mkubwa nikapata khanga moja ya zamani sana, nyekundu iliyoiva yenye korosho nyeusi, nzito, siyo hizi za sa hivi ambazo ukiinyanyua juani unamuona mtu wa upande wa pili. Ilikuwa pande moja tu, mwenzake sijui aliishia wapi. Nikaja nayo Dar ikakaa kwenye begi miaka miwili, halafu siku moja nikasema hii khanga inakaa bure humu ngoja niifanye kitu nitakachokuwa nakiona kila siku. Nikaipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu Temeke nikamwambia nataka foronya za mito ya sebuleni, mbele khanga nyuma kitambaa cheusi, akapima akasema zinatoka sita. Nikaacha hela nikaenda zangu kazini.

Jioni nazifuata, foronya nzuri kweli, mishono imenyooka, nikazipanga kwenye kochi nikapiga picha nikaweka statasi. Watu wakasifia. Usiku ule ule shangazi akapiga simu, dada yake baba, hata salamu hakunipa, akauliza tu "jina umeliweka wapi?"

Nikauliza jina gani shangazi. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata.

Yaani fundi alikuwa amekata pindo yote kuzunguka, na jina likaenda na pindo, sababu kwake yeye kitambaa chenye maua ni pale kwenye mji, katikati ya khanga, yale maandishi ni ya pembeni tu yanaharibu foronya. Simlaumu, mimi ndio sikumwambia. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipojaribu kukumbuka ile khanga ilikuwa imeandikwa nini, sikukumbuka. Miaka miwili niko nayo ndani na sijawahi kuisoma.

Shangazi ndio akaniambia. Iliandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Bibi aliinunua 1958, alikuwa ameshaharibikiwa na mimba tatu na ndugu wa babu wakawa wanasema wazi wazi pale uani kwamba mwanaume atafutiwe mke mwingine, bibi hakumjibu mtu hata mmoja, akaenda dukani akachagua doti ile, siku ya harusi ya wifi yake akajifunga moja kiunoni moja begani akapita mbele yao wote na sinia la biriani. Enzi hizo Urafiki bado haijajengwa, kiwanda kile kilifunguliwa 1968, khanga zilikuwa zinachapwa nje huko, India, Japani, hata Uholanzi, zinakuja kupitia wafanyabiashara wa Mombasa na bandari zetu hizi. Kwa hiyo mwanamke wa Tanga alikuwa anajibu wambea wake kwa kitambaa kilichovuka bahari. "Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto," shangazi akasema, "mtoto mwenyewe ndio mimi."

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu niko mlangoni kwa fundi. Akanionyesha kiroba cha mabaki, maana vile vipande huwa anawauzia watu wanajazia mito na magodoro, na bahati mbaya viroba viwili vilishaondoka jana yake. Nilikaa chini pale kwenye sakafu nikatoa kipande kimoja kimoja, satini, kitenge, sare za shule, jinzi. Nilikaa mpaka saa nne. Nilichopata ni kipande kirefu kidogo kuliko kiganja changu, ukingo mmoja umekatwa zigizaga, na juu yake herufi sita nyeusi: SIKATI.

Kipande hicho nimekishonea kwenye marikani nyeupe, fundi seremala wa Keko akanitengenezea fremu ya mninga, na kimetundikwa juu ya meza yangu ya kukatia. Kila anayekuja kwangu anadhani ni tangazo la kazi.

Ndio nilivyoanza. Nilianza kuitafuta ile khanga, kama kuna mwanamke mwingine aliinunua duka lile lile mwaka ule, kama mjukuu wake ameiuza, kama iko chini ya lundo mahali. Na ukishaanza kutafuta kitu kimoja cha zamani macho yanabadilika, unaona vingine vyote ambavyo vinapita njiani kuelekea kuyeyushwa au kuwa tambara la kufutia pikipiki. Miaka karibu kumi sasa natafuta vitu vya watu, vyangu na vya wanaoniagiza, na kuvigeuza kuwa kumbukumbu wanazoweza kuzitundika au kuzivaa au kujifunika.

Khanga za zamani hazipatikani kwenye belo, belo ni nguo za nje, ila kwa blanketi za viraka na vifungo vya zamani na kamba za lesi soko la mitumba la Karume ndio shule yangu. Unaenda alfajiri wanapofungua mzigo mpya, unachambua kabla ya wenye maduka hawajapita. Soko lile liliungua Januari 2022 na baadhi ya wale niliowazoea, walionijua kwa jina na kuniwekea mashati ya pamba nzito, walipoteza mzigo wote, kuna mmoja mpaka leo sijamuona tena na namba yake haipatikani. Khanga zenyewe unazipata kwa watu. Unazipata misibani, kama una mdomo wa heshima na unajua kusubiri, kwenye minada ya wilayani, kwa mafundi wa magari ambao wanazitumia kufutia oili (nimewahi kumpa kijana wa gereji taulo mbili mpya anipe tambara lake, lilikuwa na pindo ya zamani ya Mali ya Abdulla, ile ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa ambao wako kwenye khanga tangu 1887, akaniangalia sana lakini akanipa).

Na Gerezani, mtaa wa hapa hapa Dar. Pale kwenye chuma chakavu vitu vinauzwa kwa kilo na kesho vinaingia tanuru, kwa hiyo ukikiacha leo ndio basi tena. Nimeokota pale makufuli, bawaba, taa za chemli zilizopinda, na mwaka 2018 niliokota sarafu ambayo nayo niliiharibu. Ilikuwa nyeusi, imeshikana na gundi ya uchafu, nikalipa elfu mbili pamoja na ufunguo mkubwa wa kasha. Nyumbani nikafanya kama tulivyolelewa kusugua vyombo vya shaba, ndimu na majivu, nikasugua mpaka ikang'aa kama bomba jipya la maji, na chini ya uchafu ikatoka taji, na 1916, na herufi T. Nikampelekea mzee mmoja anayekusanya sarafu, mtu mpole sana, akaishika kwa kingo mbili kama anashika kifaranga. Akasema hii ni heller ishirini ya Tabora, pesa ya Wajerumani walipokuwa wanatawala huku. Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na Waingereza, pesa haziji kutoka kwao, wakawa wanapiga sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora kwa shaba waliyoiokoteza, na mwaka ule ule Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora ikawa mwisho wake. Kwa hiyo ile sarafu ilitengenezwa na mafundi wa reli katikati ya vita, miezi michache tu. Halafu akasema kwa upole "mwanangu, ule weusi ndio ulikuwa umri wake, sasa umemvua ngozi". Akanionyesha ya kwake, rangi ya kahawia iliyotulia, ukiigeuza kwenye mwanga unaona kila mstari. Ya kwangu ilikuwa inang'aa na mistari imekuwa butu.

Tangu siku ile sarafu naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nazikausha kwa kitambaa laini, basi. Na sitoboi sarafu kama ninayo moja tu. Ila Mungu kanisaidia, zile senti kumi na senti tano za East Africa, za wakati wa mkoloni, zina tundu katikati tayari, senti kumi ina pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, hiyo unapitisha uzi tu, inakuwa mkufu mzuri kuliko dhahabu nyingi ninazoziona. Watu wazima wakiiona wanacheka peke yao, maana walikuwa wanaenda nayo dukani imefungwa kwenye pindo la khanga ya mama. Na zile za kwetu zilizoanza 1966, senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, thumni yenye sungura, shilingi yenye mwenge, hizo watu wananiagiza kwa mwaka. Mtu anasema nataka ya mwaka aliozaliwa mama. Naitafuta wiki, mwezi, kuna ya dada mmoja nimeitafuta mwaka na nusu, na nikiipata naifunga kwenye duara la fedha bila kutoboa wala kulehemu, imeshikwa na makucha tu, ili siku moja mjukuu akitaka kuitoa aitoe ikiwa nzima.

Hiyo ndio kanuni niliyobaki nayo na naishikilia hata mteja akikasirika: ukigeuza kitu acha njia ya kukirudisha. Khanga siigundishi kwa gundi, gundi inageuka njano na kula kitambaa, naishona kwenye marikani kwa mkono, mishono mirefu myepesi unayoweza kuifumua bila kuacha jeraha. Kwenye fremu naweka kijiti chembamba kati ya kitambaa na kioo visigusane, maana joto la Dar linatoa jasho ndani ya kioo na khanga inaota madoa. Na isitundikwe ukuta unaopigwa na jua la jioni, ile nyekundu inakufa ndani ya mwaka. Kabla ya kuosha unachukua kitambaa cheupe kilicholowa unabonyeza kwenye kona, ukiona kimeondoka na rangi usiiloweke kabisa, ipunge hewa kivulini siku mbili tatu inatosha. Hayo yote nimejifunza kwa kuharibu au kwa kuonywa na waliowahi kuharibu.

Kuna vitu nakataa. Milango ya kuchonga, mtu ananipigia ana mlango wa nyumba ya zamani Pangani au Bagamoyo anataka ukatwe uwe meza, hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na hata bila sheria, mlango ule fundi aliuchonga usimame kwenye nyumba ya watu. Na cherehani. Siku hizi ni mtindo, unachukua Singer ya miguu unatoa kichwa, ile miguu ya chuma inakuwa meza ya kahawa, kichwa kinaenda chakavu. Alikuja kaka mmoja na ya marehemu mama yake anataka hivyo hivyo. Nikamwomba tuifungue kwanza. Namba yake inaanza na Y, za hivyo zilitengenezwa Clydebank, Uskochi, kati ya miaka ya 1920 na 1930, na kiwanda chenyewe kilifungwa 1980. Tukatia oili kila tundu, tukaiacha ilale, kesho yake tukabadilisha mkanda wa ngozi, nikakanyaga. Ikaitika. Yule kaka alikuwa amesimama nyuma yangu akasema "ndio sauti ya nyumbani hiyo", akatoka nje, akakaa kwenye baiskeli ya mtu muda mrefu. Hajaifanya meza. Binti yake anashonea.

Watu wengi wanaokuja kwangu wanakuja na nguo za marehemu, na hapo ndipo nimejifunza kuuliza sana kabla ya kushika mkasi. Mama mmoja aliniletea mashati kumi na moja ya mumewe, dereva wa lori, anataka blanketi la viraka kwa ajili ya mtoto wao wa mwisho ambaye alikuwa na miaka miwili baba alipofariki. Nilikuwa nimeyapanga kwa rangi, bluu huku kijivu huku, nimeshaweka chaki. Shati moja la kaki lilikuwa na doa la wino wa peni mfukoni, doa kubwa la mviringo lenye mkia, nikamwambia usijali hilo nitalikwepa. Akaweka kidole juu yake. Akasema kila mume wangu akirudi safari alikuwa anakaa pale kwenye ngazi anaandika kwenye kitabu cha gari kilomita na mafuta, peni haifungi, na mimi kila wiki nasugua doa hili nagomba, naomba likae katikati. Nikafuta chaki yote nikaanza upya. Doa liko katikati ya blanketi na mfuko nimeuacha wazi, na ananiambia mtoto anaweka humo mawe na vifuniko vya soda. Kuna kifungo pia, cha tatu kutoka juu, kilishonwa na uzi mwekundu kwenye shati la bluu, alikishona mwenyewe yule baba njiani huko, mishono minene kama ya kushonea turubai. Hicho sikukigusa hata kukikaza.

Mafundi wa Keko nimegombana nao sana kuhusu msasa, wao kitu kikiingia mikononi lazima kipigwe msasa kiwe kipya, na kazi yao ni hiyo. Siku hizi nakaa pale pale wanapofanya. Niliwahi kupeleka kasha la mkono wa pili nililonunua mnadani, fundi kafungua kifuniko anataka kuanza ndani, nikaona kama kuna kitu, tukamulika tochi ya simu. Penseli. Majina manne na tarehe, mwandiko ule wa kulala wa watu waliosoma zamani, na mbele ya jina la tatu msalaba mdogo. Ni watoto wa mtu. Kasha hilo sijaliuza, nimemrudia aliyeniuzia mara mbili kuuliza limetoka nyumba gani, bado naulizia.

Sasa kuhusu khanga ya bibi. Niliitafuta Tanga nzima, Ngamiani barabara kwa barabara, kila nikienda kumsalimia shangazi natenga siku moja ya kuzunguka. Nimekuta majina mengi mazuri, nayaandika kwenye daftari hata kama sijanunua, liko la pili sasa. Hiyo sikuikuta. Mwaka juzi mwishoni nikasikia kuna duka la vitambaa linafungwa, mwenyewe kazeeka na watoto wako nje, wanauza mpaka rafu. Nikafika jioni. Kijana anayeuza akasema khanga zimeisha, zimebaki zile za ndani hazina soko rangi zake. Nikaomba niingie. Maboksi yamelika na mende, harufu ya karatasi kuukuu, nikawa nafungua moja moja nasoma kwa tochi, na chini kabisa kwenye boksi la nne, doti moja haijawahi kukunjuliwa, stika bado imeganda kwenye kona. Rangi ya chungwa, mananasi meupe. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Siyo ile. Hii kwa kuangalia kitambaa na uchapaji naiweka miaka ya themanini. Nilimlipa yule kijana bila kuomba apunguze, nikapanda bodaboda nimeikumbatia.

Shangazi alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nikaikunjua mapajani kwake. Akasoma kwa kidole, taratibu, herufi kwa herufi, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Akasema "ya mama ilikuwa nyekundu". Nikamwambia najua shangazi. Akaendelea kuishika, akaigeuza, akanusa, akaniambia nenda kalete mkasi chumbani uko kwenye kopo la uzi.

Nikamwambia doti nzima ni yake, aiweke hivyo hivyo, ni nadra kuipata haijakatwa.

"Khanga haikai doti," akasema. "Moja yangu, moja yako. Kata."

Akashika ncha ya huku, nikamwita mtoto wa jirani ashike ncha ya kule wakaivuta ikanyooka katikati ya baraza, mananasi yote yakasimama. Nikalisoma jina la kwanza kwa sauti, nikalisoma la pili, nikatafuta ule mstari mwembamba usio na kitu kati ya pindo na pindo, na shangazi akainama karibu kabisa na mkono wangu kuangalia mkasi unapita wapi.